Karakana na Kitabu: Historia ya Masingasinga kwa Watoto wa Nyanda za Chai

Historia ya vitabu vya watoto kuhusu Masingasinga haielezeki kwa kuhesabu vitabu peke yake, kwa sababu jamii hii ilikuwa imewafunza watoto wake kwa masimulizi, kwa nyimbo za ibada na kwa kazi za mikono karne kadhaa kabla ya kuwachapishia ukurasa mmoja. Masingasinga ni wafuasi wa dini iliyoanzishwa katika nchi ya Punjab, kaskazini mwa Bara Hindi, na Guru Nanak, aliyeishi kati ya 1469 na 1539, na jina wanalojiita wenyewe, Sikh, maana yake katika Kipunjabi ni mwanafunzi. Katika Kenya huitwa pia Kalasinga, jina ambalo kwa kawaida huelezwa kuwa limetoka kwa Kala Singh, mfanyabiashara wa siku za mwanzo za Nairobi aliyefanya biashara na Wamaasai, hata watu wakaliita kabila zima kwa jina la mtu mmoja. Neno Singh, ambalo wanaume wa dini hiyo hulibeba katika majina yao, maana yake ni simba, na ingawa simba wa Kiswahili ana asili ya Kibantu na kufanana kwa maneno hayo mawili ni sadfa tu, mtoto wa Kikenya anayeyasikia pamoja huyashika mara moja na hayasahau.

Merigi ni mahali pazuri pa kuitazamia historia hiyo. Wadi hiyo ya Bomet Mashariki, katika kaunti ya Bomet, ni nchi ya Wakipsigis, na mpaka 1992, wilaya ya Bomet ilipokatwa kutoka wilaya ya Kericho, shughuli zake kubwa za serikali na za biashara zilielekea mji wa Kericho, ambako miongoni mwa majengo yanayoonekana kwa mbali ni gurdwara, yaani nyumba ya ibada ya Masingasinga, yenye kuba na jiko linalowalisha wageni bila malipo na bila kuwauliza dini yao. Mtoto wa Merigi anayefika Kericho huliona jengo hilo, huona vilemba na ndevu ndefu za wenyeji wake, na pengine hula chakula chao. Lakini anaporudi shuleni, ni nadra kukuta katika kabati la vitabu kitu cha kumweleza watu hao walikuja lini, walifanya kazi gani katika nchi ya babu zake, na kwa nini wengi wao waliondoka. Pengo hilo lina sababu zake, na sababu hizo ni sehemu ya historia yenyewe.

Kuja kwao kwa wingi kulianza na reli. Kati ya 1896 na 1901, serikali ya Uingereza ilileta wafanyakazi wapatao 32,000 kutoka Bara Hindi, wengi wao wakiwa Wapunjabi wa dini za Kiislamu, Kihindu na Singasinga, ili kujenga njia ya reli kutoka Mombasa hadi ziwani, na miongoni mwao wapatao 2,500 walikufa kwa maradhi, ajali na wanyama wakali, wengi wa waliosalia wakarudi kwao mikataba yao ilipokwisha, na wachache, zaidi kidogo ya 6,000, wakabaki. Katika waliobaki na waliowafuata baadaye kwa gharama zao wenyewe, Masingasinga wengi walikuwa wa tabaka la Ramgarhia, yaani koo za maseremala, wahunzi na waashi ambao katika Punjab walirithishana ufundi kutoka baba hadi mwana. Hao ndio walioendesha karakana za reli, waliofunga paa za stesheni, na waliofungua viwanda vya kupasua mbao katika misitu ya bara, na ndio waliofika katika miinuko ya Kericho wakati ambapo mji huo haukuwa na zaidi ya maduka machache na ofisi ya mkuu wa wilaya.

Chai ndiyo iliyowapa kazi ya kudumu. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, serikali ya kikoloni iliwagawia maofisa wa Kiingereza waliojeruhiwa vitani ekari zipatazo 25,000 karibu na Kericho ili walime kitani, mradi huo ukaanguka, na katikati ya miaka ya 1920 ardhi hiyo na nyingine jirani zikaingia mikononi mwa makampuni makubwa ya chai, Brooke Bond na lile la ukoo wa James Finlay lililojulikana kama African Highlands. Kiwanda cha chai kinahitaji boriti, rafu za kunyaushia majani, masanduku na mashine zinazotengenezwa zinapoharibika, na chai ikishakauka inahitaji kusafirishwa hadi stesheni ya Lumbwa, ambayo leo ni Kipkelion, kwa njia ambazo wakati wa masika ziligeuka tope tupu. Gari la kukokotwa na ng'ombe lilikuwa chombo cha lazima, na karakana ya Kericho Wagon Works, iliyokuwa mikononi mwa mafundi wa Kisingasinga, ilipata jina kwa kuyaunda. Gurudumu la gari la namna hiyo ni elimu nzima: kitovu cha mti mgumu, spoki zilizochongwa kwa tezo na patasi, vipande vya duara vilivyounganishwa kwa kipimo, na mwisho ukanda wa chuma unaopashwa moto hadi utanuke, uvishwe juu ya mti, kisha umwagiwe maji usinyae na kuubana mti wote kwa nguvu ambayo misumari haiwezi.

Lugha ya Kiswahili imehifadhi alama za kazi hiyo kuliko maandishi yalivyofanya. Maneno gari na karakana yalitoka ng'ambo ya bahari, katika lugha za Bara Hindi, na yamekaa katika Kiswahili kiasi kwamba hakuna anayeyahisi kuwa ya kigeni, wakati fundi, jina ambalo wenyeji waliwapa watu hao, ni neno la Kiswahili lenye ujamaa na kufunda na mafunzo. Fundi kwa asili ni anayefunda. Kwa mtu anayetaka kuandika historia ya Masingasinga kwa watoto wa nyanda za chai, maneno hayo matatu ni mlango mzuri zaidi kuliko tarehe za wafalme wa Punjab, kwa kuwa mtoto tayari anayo mdomoni.

Masimulizi ambayo mafundi hao walikuja nayo yaliitwa sakhi. Neno hilo asili yake ni ushahidi, na sakhi moja ni kisa kifupi cha maisha ya Guru, yaani mmoja wa walimu wakuu wa dini hiyo, kinachosimuliwa kama ushahidi wa mtu aliyekuwapo. Visa vya Guru Nanak vilivyokusanywa pamoja huitwa janam-sakhi, yaani visa vya kuzaliwa na maisha. Vilinakiliwa kwa mkono tangu karne ya 17, na baadhi ya nakala zilipambwa kwa picha, mashuhuri zaidi ikiwa ile ya 1733 inayojulikana kwa alama yake ya maktaba, B-40, yenye picha 57 zilizochorwa na Alam Chand. Ni haki kusema kwamba hapo ndipo kitabu chenye picha cha Masingasinga kilipoanzia, ingawa hakikukusudiwa mtoto, kwani mkubwa na mdogo waliketi pamoja kukisikiliza, na mtoto akachukua kadiri ya uwezo wake.

Kati ya visa hivyo, kimoja kinastahili kukaa katika ukurasa wa kwanza wa kitabu chochote kitakachoandikwa kwa ajili ya Kericho na Bomet. Inasimuliwa kwamba Guru Nanak alipokuwa safarini alifikia nyumbani kwa Lalo, seremala maskini, akala naye mkate wa nafaka duni, na tajiri wa mji aitwaye Malik Bhago alipomwalika karamuni alikataa kwenda. Alipoitwa kujieleza, alichukua mkate wa tajiri kwa mkono mmoja na wa seremala kwa mkono mwingine, akaikamua yote miwili, na mkate wa seremala ukatoa maziwa ilhali wa tajiri ulitoa damu, kwa sababu uliokwa kwa jasho la watu waliodhulumiwa. Kwa mafundi wa tabaka la Ramgarhia, ambao katika ngazi za kijamii za Bara Hindi hawakuhesabiwa miongoni mwa wakubwa, kisa hiki kilikuwa hadhi yao. Mwanzilishi wa dini alichagua kula na seremala. Na kwa mtoto ambaye mama yake huamka alfajiri kuchuma majani ya chai na kuyapeleka kwenye kituo cha kupimia, swali la jasho la nani limo ndani ya mkate wa nani halihitaji mwalimu kulifafanua.

Uchapaji ulifika Punjab kwa mkono wa wamisionari. Wapresbiteri kutoka Marekani waliweka mtambo wao Ludhiana katika miaka ya 1830 na kuanza kuchapa kwa Gurmukhi, mwandiko wa Kipunjabi ambao Masingasinga hutumia kwa maandiko yao matakatifu, na katika nusu ya pili ya karne hiyo shule za misheni zikawa njia ya kijana kupata kazi serikalini. Mwaka 1873, wanafunzi wanne wa Kisingasinga katika shule ya misheni ya Amritsar walitangaza nia ya kubatizwa, na mshtuko uliotokana na tangazo hilo ukazaa Singh Sabha, harakati ya kufufua elimu ya dini na lugha. Jambo hili lafaa kukaziwa: vuguvugu kubwa kuliko yote la uandishi katika historia ya Masingasinga lilianzishwa na hofu ya kuwapoteza wanafunzi wanne. Katika miaka ya 1890, mwandishi Bhai Vir Singh wa Amritsar, aliyeishi kati ya 1872 na 1957, alishiriki kuanzisha chama cha kutoa vijitabu vya bei nafuu vya historia na maadili, akatoa riwaya yake Sundari mwaka 1898, na mwaka uliofuata akaanzisha gazeti. Hiyo ndiyo miaka ile ile ambayo meli zilikuwa zikishusha wafanyakazi wa reli Kilindini, kwa hiyo watu waliofika bara la Kenya hawakutoka katika nchi iliyolala, bali katika nchi ambamo historia ya dini yao ilikuwa ikiandikwa upya ili ishikwe na watu wa kawaida na watoto wao.

Huku Kenya, gurdwara ilichukua kazi ya shule. Ile ya Makindu, iliyojengwa kando ya reli mwaka 1926, ndiyo inayojulikana zaidi na wasafiri wa barabara ya Mombasa kwa sababu ya chakula chake cha bure, lakini kila mji uliokuwa na karakana ulikuwa na yake, na humo watoto walifundishwa Gurmukhi kwa kitabu cha kuanzia kusoma kiitwacho kaida, neno ambalo asili yake ni Kiarabu na ambalo Waswahili wamelipokea kwa maana ya desturi. Nje ya gurdwara, serikali ya kikoloni ilikuwa imezigawa shule kwa rangi, ya Wazungu mbali, ya Wahindi mbali, ya Waafrika mbali, na mgawanyiko huo ukaingia hadi ndani ya vitabu. Mtoto wa fundi wa Kericho alisoma Kipunjabi cha gurdwara na Kiingereza cha shule ya Wahindi. Mtoto wa Kikipsigis alisoma vitabu vya misheni, na baada ya 1948 vile vya Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki, lililoundwa kuwapatia Waafrika masomo katika lugha zao na katika Kiswahili. Wazazi wao walikutana kila siku kwenye karakana, jembe la kukokotwa na ng'ombe likitengenezwa na bei ikijadiliwa kwa Kiswahili cha sokoni, lakini watoto hawakukutana katika ukurasa mmoja. Mgawanyiko wa shule uliondolewa baada ya uhuru. Mgawanyiko wa rafu za vitabu umedumu zaidi.

Kisha wakaondoka. Katiba ya uhuru iliwapa wakazi wenye asili ya Asia miaka miwili, hadi Desemba 1965, kuamua kama wataomba uraia wa Kenya, na wengi walisita. Sheria za 1967 za uhamiaji na za leseni za biashara ziliwabana waliosita, na walipoanza kumiminika Uingereza kwa pasipoti za Kiingereza, bunge la huko lilipitisha haraka sheria ya Machi 1968 ya kuwazuia. Kericho ilipoteza mafundi wake kwa namna hiyo, kidogokidogo, familia baada ya familia. Miongoni mwa waliohamia Uingereza alikuwa Puran Singh, fundi aliyeishi Kericho miaka mingi na kuheshimiwa kama mtu wa Mungu, ambaye hata Birmingham aliendelea kuitwa Kerichowale Baba, yaani mzee wa Kericho. Jumuiya iliyomzunguka, Guru Nanak Nishkam Sewak Jatha, ambayo jina lake lina maana ya kundi la watumishi wa Guru Nanak wasiotaka malipo, ilikua baada ya kifo chake mwaka 1983 ikajenga gurdwara kubwa katika mtaa wa Soho Road, na kuanzia 2009 ikafungua shule za watoto zenye jina la Nishkam. Jumuiya hiyo hiyo ilirudi Kericho, ikajenga gurdwara ya sasa kwa kumbukumbu ya Puran Singh, na pembeni yake ikaweka chuo cha ufundi chenye jina lake ambamo vijana wa Kikenya hujifunza kazi za mikono. Kwa hiyo mji mdogo wa nyanda za chai ulizaa jumuiya ya kidini inayoelimisha watoto wa mji wa pili kwa ukubwa nchini Uingereza, na jambo hilo mtoto wa Bomet halisomi popote katika masomo yake ya kawaida.

Uhamiaji ndio uliozaa kitabu cha watoto cha Masingasinga kama kinavyojulikana leo. Kizazi kilichokulia Uingereza kilipoteza Gurmukhi, na mwaka 1969, mwaka wa kuadhimisha miaka 500 tangu kuzaliwa kwa Guru Nanak, chama cha Sikh Missionary Society kiliundwa katika mji wa Gravesend kikaanza kutoa vijitabu vya Kiingereza kwa ajili ya watoto hao, wakati huo huo wachapishaji wa Delhi wakitoa hadithi za Maguru kwa Kiingereza chepesi. Katuni za Amar Chitra Katha, zilizoanza India mwaka 1967, zikawafikia watoto popote palipokuwa na duka la Kihindi, Nairobi ikiwemo. Baadaye Marekani ya Kaskazini ikaongeza namna nyingine ya kitabu, ambamo mhusika hayuko tena katika Punjab ya zamani bali ni mtoto wa leo aliyevaa kilemba katika shule ya leo: A Lion's Mane cha Navjot Kaur kilitoka Kanada mwaka 2009, na Fauja Singh Keeps Going cha Simran Jeet Singh, kwa michoro ya Baljinder Kaur, kilitoka Marekani mwaka 2020, kikisimulia maisha ya mzee aliyekimbia mbio za marathoni akiwa amepita umri wa miaka 100. Baada ya mashambulizi ya kigaidi ya 2001 nchini Marekani, yaliyofuatwa na Masingasinga kupigwa na kuuawa huko kwa kudhaniwa kuwa watu wengine kwa sababu ya vilemba vyao, vitabu vya namna hii vilikuwa na kazi ya kumkinga mtoto na dhihaka.

Waandaaji wa vitabu hivyo wamekabiliwa na maswali mawili magumu, na yeyote atakayeandika kwa Kiswahili atakutana nayo. La kwanza ni picha ya Guru. Dini ya Singasinga inakataza kuabudu sanamu, hata hivyo picha za Guru Nanak zilizochorwa na Sobha Singh (1901–1986) zimetundikwa katika nyumba na maduka mengi, Kenya pia. Kwa upande mwingine, mwigizaji wa sinema kujifanya Guru ni jambo lisilovumilika, ndiyo maana filamu ya vibonzo Chaar Sahibzaade ya 2014 ilimwonyesha Guru kwa picha isiyo na mwendo. Wachoraji wengine huonyesha mkono tu, au kilemba kwa nyuma, au nuru. Wasomaji wa Kiswahili, ambao wengi wao wamezoea mwiko wa Kiislamu wa kutomchora Mtume, hawatapata shida kuelewa haya, na mchoraji mwenye busara angefuata njia ya staha badala ya kuiga mabango ya madukani.

Swali la pili ni kifo. Historia hii imejaa mashahidi: Guru Arjan, aliyekusanya maandiko matakatifu mwaka 1604, aliuawa Lahore mwaka 1606, Guru Tegh Bahadur aliuawa Delhi mwaka 1675, na wana wawili wadogo wa Guru wa kumi, Gobind Singh, yule aliyeunda udugu wa waliobatizwa uitwao Khalsa mwaka 1699, walijengewa ukuta wakiwa hai katika mji wa Sirhind kwa kukataa kubadili dini, mkubwa wao akiwa na miaka tisa hivi. Kisa cha watoto hao ndicho kinachosimuliwa zaidi kwa watoto wa Kisingasinga, na kukiondoa ni kuipunguzia historia roho yake. Lakini waliotoa amri hizo walikuwa watawala wa Dola ya Mughal, ambao walikuwa Waislamu, na kitabu kitakachosomwa Kenya, ambako Mwislamu, Mkristo na Singasinga wanakaa dawati moja, kina wajibu wa kusema wazi kwamba waliohukumu ni watawala na si dini, na kwamba, kwa mujibu wa masimulizi hayo hayo, mtawala wa Kiislamu wa Malerkotla alisimama barazani kuwatetea watoto wale. Kisa kikisimuliwa bila mtu huyo kinakuwa pungufu, na upungufu huo huzaa chuki.

Mashujaa wa karibu nao wapo, na huenda ndio wanaofaa kuanza nao. Joginder Singh, bingwa wa mbio za magari aliyeitwa Simba wa Safari, alizaliwa Kericho mwaka 1932, mwana wa jamii hiyo hiyo ya mafundi, na kabla ya kujulikana alikuwa akitengeneza magari. Alishinda mbio za Safari mwaka 1965 pamoja na ndugu yake Jaswant katika gari la Volvo lililokwisha kutumika, kisha tena mwaka 1974 na 1976. Ustadi wake wa kulinusuru gari katika tope ulikuwa ustadi wa karakana. Makhan Singh, aliyezaliwa Punjab mwaka 1913 na kuletwa Kenya mwaka 1927, alifanya kazi katika kiwanda cha uchapaji cha baba yake Nairobi kabla ya kuunda chama cha wafanyakazi wa rangi zote mwaka 1935. Aprili 1950, katika ukumbi wa Kaloleni, alidai hadharani uhuru wa Afrika Mashariki, akakamatwa mwezi uliofuata na kuzuiliwa kaskazini mwa nchi hadi Oktoba 1961. Miaka zaidi ya 11 kifungoni ni mingi kuliko ya wafungwa mashuhuri wengine wa uhuru wa Kenya, na bado jina lake linajulikana kwa wanafunzi wa sekondari zaidi kama jibu la swali la mtihani kuhusu vyama vya wafanyakazi kuliko kama mtu.

Mtaala wa Kenya haukuiacha kabisa dini hii. Somo la Elimu ya Dini ya Kihindu linajumuisha mafundisho ya dini nne, yaani Uhindu, Ujaini, Ubudha na dini ya Singasinga, na vitabu vyake vina habari za Maguru kwa kiwango cha watoto. Ila somo hilo husomwa na watoto wa jamii hizo, katika shule chache za mijini, na huko Merigi mwanafunzi husoma Elimu ya Dini ya Kikristo, kwa hiyo maarifa yaliyomo katika mtaala wa taifa lake hayamfikii. Mwezi Julai 2017 serikali iliitambua jamii ya Waasia kuwa kabila la 44 la Kenya, lakini kabila hutambulika kweli pale hadithi zake zinapoingia katika vitabu vya ziada vya Kiswahili, ambavyo kila mtoto huvisoma bila kuulizwa dini.

Kitabu cha namna hiyo hakina budi kuwa cha ukweli kuhusu ardhi. Masingasinga walitumika katika majeshi ya Waingereza, kama walivyotumika Nyasaland, yaani Malawi ya leo, miaka ya 1890, na katika Kericho walijenga magari na viwanda kwa ajili ya mashamba yaliyochukuliwa kutoka kwa Wakipsigis; mwaka 1934, ukoo wa Talai, wenye viongozi wa kidini wa Wakipsigis, ulihamishwa kwa nguvu hadi Gwassi karibu na ziwa, na chai ikaendelea kupandwa. Wakati huo huo, Wahindi wa kila dini walikatazwa kumiliki mashamba katika miinuko iliyotengwa kwa Wazungu, na tamko la serikali ya Uingereza la 1923, lijulikanalo kama la Devonshire, lilithibitisha katazo hilo. Fundi alikuwa katikati: juu ya mchumaji kwa mshahara, chini ya mwenye shamba kwa haki, asiye na ardhi katika nchi aliyoijengea magurudumu. Mtoto wa darasa la sita anaweza kuyaelewa haya yote yakielezwa kwa watu na vitu badala ya kwa nadharia, na hakuna sababu ya kumpa historia iliyofutwa madoa.

Kuhusu lugha, vikwazo ni vidogo kuliko inavyodhaniwa. Abdulrazak Gurnah alimweka fundi wa Kisingasinga aitwaye Kalasinga katika riwaya yake Paradise ya 1994, mtu anayeota kuitafsiri Kurani kwa Kiswahili, na tangu 2022 riwaya hiyo inasomeka kwa Kiswahili kama Peponi, kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Kalasinga, kwa hiyo, ameshazungumza Kiswahili katika fasihi ya watu wazima. Kilemba, kitana, bangili ya chuma na upanga mdogo, ambavyo ni miongoni mwa alama za imani hiyo, vina majina tayari. Maneno gurdwara, langar, yaani jiko la bure la gurdwara, na seva, yaani kazi ya kujitolea, yanaweza kuingia kama yalivyo, kwa njia ile ile ambayo gari na karakana ziliingia.

Wazee waliofanya kazi katika karakana za Kericho, na Wakipsigis waliowapelekea majembe na magari yao yatengenezwe, wanapungua kila mwaka. Wachapishaji wa Nairobi, walimu wa Kericho na Bomet na wasimamizi wa gurdwara wanaombwa wawatafute sasa, wawarekodi kwa Kipsigis, kwa Kipunjabi na kwa Kiswahili, na kitabu cha kwanza kitakachotoka kipelekwe shule za Merigi kabla ya kupelekwa Birmingham.